Hesabu Nafasi, Usihesabu Sifuri

Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwishoni mwa Mei 2017, iligharimu takriban shilingi bilioni 327. Namba hiyo imesemwa redioni, magazetini na barazani hadi imezoeleka masikioni. Lakini mpe mtu karatasi umwambie aiandike kwa tarakimu tupu, na utaona kalamu inasita baada ya 327. Ataanza kutia sifuri, atazihesabu kwa kidole, atafuta moja, atarudisha mbili, kisha atakuuliza wewe kama ziko sawa.

Jibu ni 327,000,000,000, yaani sifuri tisa. Hata hivyo, swali lenyewe la "sifuri ngapi?" ndilo linalotupoteza. Tazama idadi ya watu wa Kaunti ya Mombasa katika sensa ya 2019: 1,208,333. Ina sifuri moja tu, tena iko katikati. Namba 999,999 haina sifuri hata moja, na imepungukiwa na moja tu kufika milioni. Kisha kuna 100,000, yenye sifuri tano, ambayo ni ndogo kuliko zote mbili. Wingi wa sifuri, basi, hausemi ukubwa wa namba. Kinachousema ni idadi ya nafasi: tarakimu ngapi zimekaa kwenye mstari, ziwe sifuri au zisiwe.

Kazi ya sifuri ni kushika nafasi isiyo na kitu. Katika 1,208,333 inasema kwamba hapa, kwenye makumi ya elfu, hakuna kitu, lakini nafasi ipo na isizibwe. Iondoe, utabaki na 128,333, na watu zaidi ya milioni moja wa Mombasa wametoweka kwa kufutwa alama isiyo na thamani yake yenyewe. Warumi hawakuwa na alama ya namna hiyo. Mwaka 1963 kwa namba zao huandikwa MCMLXIII, na hakuna njia ya kutazama herufi hizo ukajua mara moja ukubwa wake. Huko India, mwaka 628, Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri kama namba kamili. Elimu hiyo ikapita Baghdad kwa al-Khwarizmi katika karne ya 9, na mwaka 1202 Fibonacci akaitetea kwa wafanyabiashara wa Italia waliokuwa bado wanatumia namba za Kirumi. Tumerithi chombo kizuri mno, na inauma kuona watu wazima wenye akili timamu wanakiogopa kila gazeti linapoandika trilioni.

Mikato ndiyo ya kuhesabu

Maandishi yetu ya Kenya hutenga tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, na kati ya kundi na kundi kuna mkato. Mkato wa kwanza kutoka kulia ni wa elfu, wa pili ni wa milioni, wa tatu wa bilioni, wa nne wa trilioni. Ukiyashika hayo manne, huna haja tena ya kugusa sifuri kwa kidole. Namba ya reli ina mikato mitatu, kwa hiyo ni bilioni. Kilicho kushoto kwa mkato wa mwisho ni 327. Basi ni bilioni 327. Kuandika ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma: andika 327, kisha makundi matatu ya 000.

Hatua hizi za tatu tatu zinatawala mambo mengi kuliko pesa. Bando la gigabaiti moja ni megabaiti 1,000, na megabaiti ni kilobaiti 1,000. Mtambo wa umeme wa Kipevu III hapa Mombasa una uwezo wa megawati 120, yaani wati 120,000,000. Kilo ni sifuri tatu, mega sita, giga tisa, tera kumi na mbili, na ngazi inaendelea. Mwaka 2022 wataalamu wa vipimo waliongeza majina mawili juu kabisa, ronna yenye sifuri 27 na quetta yenye 30, kwa sababu data za kompyuta duniani zilikuwa zinakaribia kuyamaliza majina yaliyokuwapo.

Ile ambayo haikubali mpango wa tatu tatu ni laki. Ina sifuri tano, kwa hiyo inakaa katikati ya kundi: kabla ya kufika mkato wa milioni, baada ya kuupita ule wa elfu. Sababu ni kwamba imetoka kwenye utaratibu mwingine kabisa. Ilivuka bahari kutoka India pamoja na biashara, na rupia ilikuwa pesa ya pwani hii hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wahindi hutenga tarakimu tatu za kulia, kisha mbili mbili: laki moja huiandika 1,00,000, na laki mia, wanayoiita krori, huwa 1,00,00,000, ambayo kwetu ni milioni 10. Mwenye duka la nguo Biashara Street akipokea ankara kutoka Mumbai imeandikwa 25,00,000 rupia, asidhani mkato umewekwa kimakosa, wala asiisome kama milioni 25. Hizo ni laki 25. Laki kumi hufanya milioni, kwa hiyo ni milioni 2.5.

Mimi naipenda laki na nisingetaka iachwe. Inatufaa sana kwa bei za pikipiki, karo za chuo na kodi za nyumba za mwaka mzima, ambako "elfu mia tatu na hamsini" ni mzigo ulimini. Inahitaji tu kukumbukwa kwamba haina mkato wake.

Nukta na sifuri zilizofichwa

Magazeti hayaandiki tena namba ndefu. Yanaandika bilioni 1.9, gharama iliyotajwa kwa daraja la kuelea la Liwatoni, nasi tunaachiwa kazi ya kuzifumua sifuri wenyewe. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa kuwa hutia sifuri tisa baada ya 1.9 na kupata bilioni 19.

Utaratibu ni huu: baada ya nukta, bilioni ina nafasi tisa. Tarakimu zilizopo baada ya nukta zinakula nafasi hizo, na sifuri zinajaza zilizobaki. Katika 1.9, tarakimu 9 imekula nafasi moja, zimebaki nane, kwa hiyo ni 1,900,000,000. Katika bilioni 1.05, sifuri na tano zimekula mbili, zimebaki saba: 1,050,000,000. Hiyo ni bilioni moja na milioni hamsini. Mtu akiisoma kwa haraka "bilioni moja na tano" atawafanya wengine wasikie 1,500,000,000, na tofauti hapo ni milioni 450. Kwa milioni nafasi baada ya nukta ni sita, kwa elfu ni tatu. Tangazo la kiwanja Mtwapa likisema 2.5M ni 2,500,000, na likisema 850K ni 850,000, maana K ni elfu na M ni milioni.

Ziko sifuri nyingine zilizofichwa ambazo zinastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Kampuni zinapochapisha hesabu zao za mwaka gazetini, juu ya safu za namba huwa pameandikwa Sh'000, au "kwa mamilioni". Alama hiyo ndogo inasema kila namba iliyo chini yake imekatwa makundi yake ya mwisho. Ukiona 4,500,000 chini ya Sh'000, si milioni nne na nusu bali bilioni nne na nusu. Nimesikia mabishano ya muda mrefu juu ya faida za kampuni kati ya watu wawili waliokuwa wanasoma ukurasa mmoja, mmoja ametazama kichwa cha safu na mwingine hakutazama.

Na kinyume chake: zipo sifuri zinazoonekana lakini hazipaswi kuhesabiwa. Ujumbe wa M-Pesa ukikuonyesha Ksh15,000.00, zile mbili za mwisho ni senti. Nukta ikififia kwenye karatasi iliyonakiliwa mara kadhaa, elfu kumi na tano inaweza kusomwa milioni moja na nusu. Ndiyo maana wauzaji wa zamani huandika risiti kwa mkono 15,000/=. Ile /= inafunga mlango nyuma ya namba, hata mtu mwenye nia mbaya asipate nafasi ya kuongeza sifuri moja. Ni desturi nzuri na inafaa kuendelezwa. Unapotuma pesa kwa simu huna msaada huo: unabonyeza tarakimu bila mikato, na 15000 haitofautiani sana na 150000 kwa macho yaliyochoka. Kiwango cha juu cha kutuma mara moja ni shilingi 250,000, kwa hiyo mfumo hautakuzuia ukikosea kutoka elfu kumi na tano hadi laki na nusu. Zihesabu tarakimu kutoka kulia, tatu kisha zilizobaki, kabla ya kuweka namba ya siri.

Bado kuna jambo moja juu ya sifuri ambalo halisemwi vya kutosha. Sifuri za mwisho katika 327,000,000,000 si sawa na ile sifuri ya 1,208,333. Ya sensa imehesabiwa: kweli makumi ya elfu hayakuwapo. Za reli ni za kukadiria: zimewekwa kushika nafasi za tarakimu ambazo aliyetaja namba ameamua kutozitaja. Mbele ya ile 327 kuna mamilioni na maelfu halisi ambayo yamezungushwa. Kwa hiyo unaposoma namba iliyojaa sifuri mkiani, ielewe kama "karibu". Kiongozi akisema mradi umegharimu bilioni 10 kamili, una haki ya kuuliza kama hizo ni sifuri za hesabu au za makadirio, kwa sababu kuzungusha kwenye nafasi ya bilioni kunaweza kufunika mamia ya mamilioni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenye sifuri za makadirio pekee halijawa daftari.

Tunavyozitamka

Kiswahili hutaja ukubwa kwanza, wingi baadaye: elfu tano, milioni saba. Msikilizaji anajua tangu neno la kwanza yuko kwenye kundi gani. Taabu inaletwa na "na". Elfu kumi na mbili ni 12,000 au 10,002? Zote mbili hutamkwa hivyo hivyo. Kongowea sokoni haileti shida, kwani hakuna anayeuza gunia kwa shilingi 10,002. Lakini mtu akisema "laki mbili na hamsini" kwa maana ya 250,000, ametamka 200,050, na anategemea mwenzake akisie vizuri.

Dawa ni kutaja jina la kila kundi: laki mbili na elfu hamsini. Au kutanguliza wingi pale panapochanganya: kumi na mbili elfu haiwezi kuwa 10,002. Unaposoma namba ndefu kwa sauti, soma kundi, taja mkato, songa mbele. Namba ya Wakenya wote katika sensa ya 2019 ni 47,564,296: milioni arobaini na saba, laki tano na elfu sitini na nne, mia mbili tisini na sita. Pumua kwenye mkato.

Katika hundi jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Kenya inasema maneno na tarakimu zikitofautiana, kiasi kinacholipwa ni kile cha maneno. Kwa kawaida benki itairudisha hundi ya namna hiyo badala ya kujiingiza kwenye ugomvi, lakini msimamo wa sheria una busara ndani yake: sifuri ni rahisi kuongeza kwa kalamu, neno "laki" si rahisi kuligeuza "milioni".

Karatasi za kigeni

Bandari ya Mombasa hupitisha mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mawakala wa kugomboa mizigo hupokea hati kutoka pande zote za dunia. Si kila hati inahesabu kama sisi.

Kwanza mikato na nukta. Ujerumani, Italia, Ureno na nchi nyingi za Ulaya hutumia nukta kutenga elfu na mkato kutenga senti. Ankara yao ikisema 1.250,00 ni elfu moja mia mbili hamsini. Mtu akiisoma kwa macho ya Kikenya anaona 1 na robo, au akipuuza alama zote anaona 125,000. Njia salama ni kutazama alama ya mwisho kulia: ikifuatwa na tarakimu mbili tu, aghalabu hizo ni senti, iwe nukta au mkato.

Kisha bilioni yenyewe. Bilioni yetu ni milioni elfu moja, sifuri tisa. Lakini Ufaransa, Ujerumani na Hispania neno lao linalofanana na bilioni lina sifuri kumi na mbili, yaani trilioni yetu. Ile yenye sifuri tisa Wafaransa huiita milliard. Uingereza nayo ilikuwa upande huo huo hadi mwaka 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alipolithibitishia bunge kwamba serikali itatumia bilioni ya sifuri tisa, kama Marekani. Vitabu vya Kiingereza vya kabla ya hapo visomwe kwa tahadhari. Hati ya Kifaransa kutoka Bujumbura ikiandika milliards 2, ni bilioni 2 zetu. Ikiandika billion, simama uulize kabla ya kujaza fomu.

Yapo pia maandishi ambayo wengi wetu tumeyasoma tangu chuo cha Kurani. Katika misahafu na vitabu vingi vya Kiarabu, tano huandikwa ٥, duara kabisa, na sifuri huandikwa ٠, nukta tu. Ukurasa wa ٥٠ ni wa hamsini. Anayesoma hati ya zamani ya Mji wa Kale, barua ya biashara au daftari la mahari, akiliona duara na kulidhani sifuri, atageuza hamsini kuwa kitu kisichosomeka, na akipuuza nukta kwa kudhani ni doa la wino, atapunguza deni mara kumi. Wazee walioandika hivyo hawakukosea. Ni macho yetu yaliyozoea duara la upande mwingine.

Kuzidisha na kugawa

Kanuni tuliyofundishwa shuleni ni kwamba ukizidisha, jumlisha sifuri, ukigawa, zitoe. Ni kanuni njema, lakini ina mtego. Chukua korja 500 za nguo, kila korja vipande 20. Sifuri za 500 ni mbili, ya 20 ni moja, jumla tatu. Lakini jibu ni 10,000, lenye sifuri nne. Ya nne imezaliwa pale tano ilipokutana na mbili. Wala si lazima sifuri ziwepo mwanzoni: 125 mara 8 ni 1,000, na hakuna sifuri upande wowote. Kwa hiyo kanuni kamili ni kuziweka sifuri pembeni, kuzidisha kilichobaki kwa uaminifu, kisha kuzirudisha. Tano mara mbili ni kumi, rudisha tatu, 10,000.

Kugawa ndiko kunakotufaa zaidi sisi wananchi, kwa sababu namba kubwa haina maana kwa mtu mpaka igawanywe ifike kwake. Deni la taifa la Kenya lilivuka shilingi trilioni 10 mwaka 2023. Ligawe kwa Wakenya milioni 47.5 wa sensa. Trilioni ina nafasi kumi na mbili, milioni ina sita. Zitoe, zinabaki sita. Kwa hiyo swali limekuwa milioni 10 gawa kwa 47.5, na jibu ni karibu 210,000. Laki mbili na elfu kumi kwa kila mtu, mtoto wa juzi akiwemo. Fanya hivyo hivyo kwa reli: bilioni 327 kwa kilomita 472 ni karibu milioni 693 kwa kila kilomita. Sasa tuna namba ambazo tunaweza kuzilinganisha na kitu tunachokijua, na ubishi wa barazani unaweza kuwa na msingi.

Nchi nyingine zimelazimika kufanya hesabu hii juu ya noti zenyewe. Uganda mwaka 1987 ilikata sifuri mbili: shilingi mia za zamani zikawa moja mpya. Zaire mwaka 1993 ilibadilisha zaire milioni 3 za zamani kwa moja mpya, na mwaka 1998 faranga ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zidisha: tatu, kisha sifuri sita na tano, kumi na moja. Faranga moja ilisimama badala ya zaire bilioni 300 za mwanzo, ndani ya miaka mitano. Zimbabwe ilikata sifuri tatu mwaka 2006, kumi Agosti 2008, na kumi na mbili Februari 2009, jumla ishirini na tano, na mwezi mmoja kabla ya mkato huo wa mwisho ilikuwa imetoa noti ya dola trilioni 100, yenye sifuri kumi na nne mfululizo. Aliyekuwa na akiba ya benki alizitazama sifuri zikiondolewa pamoja na jasho lake. Shilingi ya Kenya haijawahi kukatwa sifuri tangu ilipotolewa mwaka 1966, ingawa ukivuka Lungalunga kwenda Tanga na elfu hamsini mfukoni, kwa viwango vya miaka ya karibuni unahesabiwa kama milioni moja ya Tanzania, na lazima macho yazoee upya.

Sifuri za mkiani hutoka wapi?

Turudi kwenye ile sifuri iliyozaliwa na tano na mbili, kwa sababu ndiyo ufunguo wa swali gumu kuliko yote niliyoyataja.

Matatu ya abiria 14 inajaza pale Buxton. Abiria hao wanaweza kukaa kwa mipangilio mingapi tofauti? Wa kwanza ana viti 14 vya kuchagua, wa pili 13, wa tatu 12, hadi wa mwisho aliyebakiwa na kimoja. Zidisha zote: 14 mara 13 mara 12, mpaka 1. Jibu ni 87,178,291,200. Mipangilio zaidi ya bilioni 87, katika gari moja dogo. Itazame vizuri namba hii: ina nafasi kumi na moja, lakini sifuri zake ni mbili tu.

Kwa nini mbili? Kila sifuri ya mkiani ni kumi moja, na kila kumi ni mbili mara tano. Katika mzidisho huu mbili zimejaa, maana kila namba shufwa inaleta angalau moja. Tano ni adimu: inapatikana ndani ya 5 na ndani ya 10, basi. Tano mbili, sifuri mbili. Huna haja ya kuzidisha chochote ili kujua mkia wa jibu. Hesabu tano tu.

Ongeza watu. Ukifika 25 kunatokea jambo: 25 ni tano mara tano, kwa hiyo inaleta tano mbili kwa pamoja. Mzidisho wa 1 hadi 25 unapata moja kutoka 5, moja kutoka 10, moja kutoka 15, moja kutoka 20, na mbili kutoka 25. Jumla sita. Na kweli jibu kamili ni 15,511,210,043,330,985,984,000,000, lenye sifuri sita mkiani.

Sasa wachukue watu 70 kwenye foleni ya feri ya Likoni, idadi ndogo sana kwa asubuhi ya siku ya kazi. Njia za kuwapanga kwenye foleni hiyo zinaizidi gugoli, namba yenye 1 ikifuatwa na sifuri mia, ambayo jina lake lilitungwa na mtoto, mpwa wa mwanahisabati wa Marekani Edward Kasner. Atomu zote za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kuwa 1 yenye sifuri themanini hivi. Foleni ya watu sabini tayari imeshaupita ulimwengu. Sifuri za mkiani katika namba hiyo kubwa ni 16 pekee: gawa 70 kwa 5 upate 14, kisha gawa 70 kwa 25 upate 2 na kuacha baki, jumlisha.

Njia hiyo hiyo inafika mbali kadiri upendavyo. Kwa watu 1,000 namba ya mipangilio ina nafasi 2,568, na hakuna kalamu ya kuiandika kwa raha. Mkia wake lakini unapatikana kwa kugawa mara nne: 1,000 kwa 5 ni 200, kwa 25 ni 40, kwa 125 ni 8, kwa 625 ni 1 na baki. Sifuri 249.